Maswali kwa Mtambo kutoka Bweni la Nne

Bweni la Nne, 3 Machi

Kimbaumbau wangu,

Mimi sijambo, hofu ni kwako na kwa magoti ya Mama. Upepo wa huku kusini umeanza tena. Unatoka baharini, bahari tusiyoiona, tunaisikia tu nyuma ya ukuta. Kifurushi kimefika. Askari walitumbukiza kisu kwenye jamu ya boga la kayote kutafuta kisu, wakaridhika, wakanipa kilichobaki. Majani ya mate, chai yetu ya kibuyu, yamefika mazima. Tucho Benavídez, mpishi wetu sisi tunaokula chungu kimoja, anamshukuru Mama na anauliza kama ana binti. Nimemwambia yuko mmoja, mkali, anafundisha hisabati chuo kikuu. Akasema basi, asante, ameshiba.

Sasa neno lenyewe. Mwaka huu nimesajiliwa hisabati ya mwaka wa kwanza. Usicheke. Chuo kikuu cha mkoa huu kinaleta masomo gerezani, na darasa letu lina watu saba, ubao mmoja, na mwalimu Ibarguren, anayekuja Alhamisi moja ndiyo, moja hapana. Ametuachia swali. Namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kadiri unavyokwenda mbele zinaadimika, kama mikate humu siku za Ijumaa. Je, iko ya mwisho? Au haziishi?

Rafu yetu ya vitabu ina sheria na Biblia. Mtandao hatuna. Lakini redioni wanasema kuna mtambo unaojibu kila kitu, na kwamba huko vyuoni mnakunjana mashati kwa sababu yake. Niulizie. Usinijibu wewe, wewe najua unajua. Nataka kusikia mtambo unasemaje na mtu kama mimi. Niandikie, usinisomee kwenye simu ya ukutani. Hisabati haisikiki ukiwa na watu kumi mgongoni wanaotaka kuongea na wake zao.

Utakuja lini? Hilo halihitaji mtambo.

Kaka yako,
Rubén

*

Tucumán, 25 Machi

Kaka Rubén,

Salamu zako zimefika zikinuka chumvi. Mama hajambo, magoti yanampigia kelele kila mvua ikikaribia, na bado anakanda unga wa empanada, sambusa zake zile, utadhani analisha jeshi. Malimau yanakaribia kuvunwa, mtaa mzima unanukia. Mwambie huyo Tucho asipoteze wali wake kwa ndoto.

Swali lako limenikuta pabaya. Hapa kitivoni vita ni vya kweli. Baraza limeunda kamati ya kutunga kanuni za akili mnemba, na mimi nimeingizwa humo, eti kwa kuwa nawafundisha mazoezi wanafunzi mia tatu wa mwaka wa kwanza, basi nawajua wezi. Profesa Etchart anataka mtambo upigwe marufuku kabisa, na ukimsikiliza sana atapiga marufuku na umeme. Wanafunzi wanatucheka waziwazi.

Basi nilikaa, nikaliandika swali lako vilevile ulivyoliandika, na koma zako zilizopotea njia. Nilijiambia, hiki ni chuma, kitajibu kichuma. Kaka, nilikosea. Sijaondoa kidole, jibu limejaa kioo kizima. Mtambo ukachukua mikate yako ya Ijumaa ukatembea nayo hatua kwa hatua: chukua mikate yote unayodhani ndiyo yote, zidisha namba zote tasa unazozijua, ongeza moja, utazame umepata nini. Miaka yote hii nafundisha uthibitisho huu, sijawahi kuusema kwa upole ule. Nikainuka, nikaenda kumtazama Mama jikoni, nirudi duniani kidogo.

Nimekuchapia kurasa mbili. Nimezipitia, ziko sawa.

Kuhusu kuja: muhula ndio umeanza, basi ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Tutaona.

Dada yako,
Yanina

*

Bweni la Nne, 22 Aprili

Kimbaumbau,

Mpe Mama pole ya magoti, na umwambie sweta imenitosha kila mahali isipokuwa tumboni. Huku baridi imebisha hodi. Mate tunapokezana tangu alfajiri, na anayechelewesha kibuyu anatukanwa ukoo mzima.

Barua yako ilisomwa hadharani. Sikutaka, lakini Tucho aliona maandishi ya mashine akauliza ni ya wakili wa nani. Nikasema si wakili, ni ule mtambo, umeniandikia. Unajua kelele za humu, redio, televisheni, vikombe, vyote vikazimwa. Nikapanda juu ya benchi nikasoma zile kurasa mbili, na watu ambao hawajasikiliza hata hukumu zao wakasikiliza.

"Rudia pale pa mikate," akasema mmoja.

Nikarudia.

"Anajuaje habari za Ijumaa?" akauliza Tucho.

"Nilimwandikia mimi."

"Ee. Lakini alishika. Mke wangu nimemwandikia miaka, hashiki kitu."

Siku iliyofuata nikakuta kurasa zako zimewekwa pale kwenye kona ya Gauchito Gil, yule jambazi wa zamani anayeombwa kama mtakatifu, katikati ya vitambaa vyekundu, na sigara imewashiwa mtambo. Nikawaambia ninyi vichaa, huyo si mtakatifu. Tucho akanijibu, "Hata Gauchito hakuanza akiwa mtakatifu."

Sasa sikiliza, na ukae kwenye kiti. Mtambo umesema hivi, ukurasa wa pili, mstari wa nne: zidisha namba tasa zote ulizo nazo, ongeza moja, na hiyo namba mpya lazima iwe tasa. Lazima. Kwa kuwa sina kitabu cha kuuliza, nikafanya kile ambacho mtu hufanya akiwa na muda mwingi kuliko mikate. Nilijaribu. Mbili mara tatu, saba, ni tasa. Tia tano, thelathini na moja, ni tasa. Tia saba, mia mbili na kumi na moja, ni tasa. Tia kumi na moja, elfu mbili mia tatu na kumi na moja, nikagawa mpaka kalamu ikaisha wino, ni tasa. Nikasema mtambo huu ni mungu mdogo. Nikatia kumi na tatu. Elfu thelathini na thelathini na moja. Nikagawa kwa kumi na saba, ikabaki. Kumi na tisa, ikabaki. Nikaendelea kupanda, baki baada ya baki, mpaka hamsini na tisa.

Haikubaki kitu, Yanina. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa. Inagawanyika.

Nilirudia nikidhani nimechoka. Nikampa Tucho agawe, maana yeye alikuwa na bucha. Akapata vilevile. Mtambo umekosea. Mtambo uliojibu kabla hujaondoa kidole!

Nikakaa nimevunjika moyo siku nzima. Halafu, nikiwa kwenye foleni ya supu, ikanijia. Hamsini na tisa yenyewe ni tasa, na haikuwamo katika orodha yangu. Ile namba kubwa si tasa, lakini tumboni mwake ilikuwa imebeba tasa mpya ambayo sikuwa nayo. Na itakuwa hivyo kila mara, kwa sababu ile moja uliyoongeza inazizuia zote za zamani kuingia. Mtambo umekosea njia, lakini mji upo kweli. Haziishi! Nilisimama na bakuli langu nisisogee, mtu wa nyuma akaniuliza kama nimepewa habari ya msiba.

Sijui niseme nini, dada. Kuna kitu kisicho na mwisho, na nimekishika kwa mikono yangu humu ndani ambamo kila kitu kina mwisho na kufuli.

Halafu kuna hili. Mama aliponyokwa na neno kwenye simu, akaniambia kwamba kazini kwako umesema niko Uhispania. Vizuri. Hali ya hewa ya Uhispania ni ya upepo, chakula ni supu, na wenyeji wanatuhesabu asubuhi na jioni.

Rubén

*

Tucumán, 14 Mei

Kaka,

Mama mzima, ameanza kuloweka mahindi ya locro, ule mchuzi mzito wa sikukuu ya taifa tarehe ishirini na tano, utadhani taifa lilizaliwa jikoni kwake. Malimau yameanza kushuka, malori yanapita mpaka madirisha yanatikisika.

Ulisema nikae kwenye kiti. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Nilisoma barua yako mara tatu, halafu nikafungua fungu la kazi za wanafunzi wangu wa wiki ile. Swali lilikuwa lilelile la namba tasa. Nusu ya darasa wameandika sentensi ile ile, "namba hiyo mpya lazima iwe tasa", neno kwa neno. Na kila karatasi ina alama ya vyema, kwa wino mwekundu, mwandiko wangu. Nilizipitisha zote. Na zile kurasa mbili nilizokuandikia kwamba ziko sawa, nilizitazama kama mtu anavyotazama jirani anayemfahamu, bila kumwona.

Niliurudia mtambo, nikauwekea hesabu yako. Ukakubali papo hapo. Ukasema mwenye hoja hii yuko sahihi, ukaeleza kosa lake vizuri kuliko ulivyoeleza ukweli mara ya kwanza. Sijui nicheke au nipige magoti. Kitu kinachojua kiasi kile, na kinakosea kwa sauti ileile ya upole, na anayekinasa ni mtu mwenye kalamu iliyoisha wino.

Jumatatu niliingia darasani, sikusalimia. Niliandika ubaoni hamsini na tisa mara mia tano na tisa, nikawaambia wazidishe. Ukumbi mzima ukainama, unasikia kalamu tu. Kisha Milagros Chocobar, mwakilishi wao kwenye Baraza, msichana asiyeogopa hata radi, akanyoosha mkono.

"Profe, hii si ndiyo tuliyoandika kuwa tasa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukatupa alama?"

"Nikawapa."

"Sasa tunakatwa sisi au unakatwa wewe?"

Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya meza, na mimi nikacheka nao, nifanyeje. Nikawaambia tunakatwa wote. Na tangu siku hiyo tunafanya kama wewe. Mtambo sijaukataza. Lakini kila mmoja anaandika swali lake kwa mkono, anakaa nalo wiki nzima, analipiga, analigawa, analilalia, ndipo anaruhusiwa kuuliza. Akishapata jibu analikagua, na anaambatanisha tamko: mtambo umesema nini, nimekagua nini, umekosea wapi, langu mimi ni lipi na nani mwingine kanisaidia.

Wiki ya kwanza walininunia. Ya pili, kijana mmoja aliyezoea kulala mstari wa nyuma alisimama akasema, "Profe, nimelitatua ndani ya basi, mtambo sikuuhitaji," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona ajabu. Kaka, sijawahi kusikia darasa likiwa hai vile.

Milagros ameupeleka utaratibu huu kwenye Baraza. Wameupenda. Wameniuliza ni nani aliyenasa lile kosa. Nimesema ni mtu ninayeandikiana naye, yuko mbali. Si uongo.

Kuhusu Uhispania, Mama ana mdomo usio na mlango.

Nikutumie maswali mengine? Niambie.

Yanina

*

Tucumán, 2 Julai

Kaka Rubén,

Hujambo? Sisi wazima. Nimekuandikia mara mbili mwezi Juni, hukujibu. Mama anapiga simu ya bwenini, anayepokea anasema "hayupo" na kukata. Nimeambiwa hayupo! Mtu yuko gerezani, anawezaje kuwa hayupo?

Kama umekasirika kwa ajili ya Uhispania, kasirika kwa maandishi. Nitukane, nitavumilia. Usininyamazie tu.

Yanina

*

Bweni la Nne, 11 Agosti

Kimbaumbau,

Usilie, na mwambie Mama asilie. Nimerudi bwenini, nimekonda kidogo, nimekuwa kama wewe. Sweta walinirudishia. Barua zako zote nimezipata siku moja, nikazisoma kwa mfululizo kama mtu anayekula baada ya saumu.

Sikukasirika. Ilikuwa hivi. Unawajua watu wetu na kiniela, bahati nasibu ile ya namba mbili za mwisho, ambayo kila namba ina jina lake. Elfu thelathini na thelathini na moja inaishia na thelathini na moja, na thelathini na moja ni mwanga. Bweni zima likaamua kwamba namba iliyoushinda mtambo haiwezi kushindwa na bahati nasibu. Nikawaambia, jamani, namba haimjui mtu. Tucho akasema, "Wewe kaa na hesabu zako, sisi tutakaa na pesa." Wakawapigia simu wake na dada zao nje, wakacheza thelathini na moja.

Ikatoka.

Makelele yaliyopigwa humu yalisikika mpaka kwa mkuu wa gereza. Askari wakaingia kupekua, wakitafuta nani anaendesha kamari. Wakakuta nini chini ya godoro langu? Karatasi, rundo, zimejaa namba juu mpaka chini. Maana nilikuwa sijaishia pale. Nilitia kumi na saba, nikapata laki tano na elfu kumi na mia tano na kumi na moja, nayo inagawanyika kwa kumi na tisa. Nikatia kumi na tisa, na hiyo inayofuata ni milioni tisa na ushee, nilikuwa katikati yake. Nikawaambia ni hisabati. Ofisa akaniuliza, "Hisabati gani haina jibu mwishoni?" Kweli, ukizitazama ni kama vitabu vya mwenye kamari. Tucho alisimama akasema kamari ni yake. Wakamwambia anamfichia rafiki.

Nilikaa seli ya adhabu. Sitaandika habari zake. Nitaandika tu kwamba hakuna karatasi kule, na ile namba ya milioni tisa nilikuwa naikumbuka. Nikaigawa kichwani. Kila siku nilichukua tasa chache, nagawa, nikipotea narudi mwanzo. Siku moja nikafika mia tatu arobaini na saba na hakikubaki kitu. Nilicheka peke yangu mle mpaka askari akafungua kidirisha. Nikamwambia inagawanyika. Akafunga. Dada, ukuta ulikuwepo, na kufuli, na baridi, na ile mia tatu arobaini na saba ilikuwa imekaa mle tangu kabla ya dunia ikinisubiri. Niliogopa kwa furaha. Sina neno lingine.

Sasa hali ilivyo. Mtihani wa mdomo ni mwishoni mwa Septemba. Mkuu wa gereza amenifuta kwenye orodha mpaka ithibitishwe zile karatasi ni nini. Mwalimu Ibarguren ameeleza, wakasema chuo chake ni upande wetu, hakiaminiki. Wanataka barua ya chuo kikuu kingine, yenye muhuri wa kitivo, imeandikwa na mwalimu wa hisabati, itaje ananijuaje. Ibarguren akaniuliza kama namjua mwalimu yeyote wa hisabati kwenye chuo kingine.

Nimemwambia simjui yeyote.

Nisipofanya mtihani huu mwaka unapotea, na kiti changu anapewa mwingine, foleni ni ndefu. Si neno. Hesabu nitaendelea nazo, hazina foleni.

Msalimie Mama.

Rubén

*

Tucumán, 3 Septemba

Kaka,

Mama hajambo. Miwa imeanza kuchomwa, majivu yanadondoka juu ya nguo tulizoanika, na mimi naandika haraka ili barua hii iondoke na ile nyingine.

"Simjui yeyote." Umeiandika peke yake, mstari mzima. Nilikuwa nimesimama jikoni. Mama akaniuliza, "Kasemaje?" Nikamsomea. Aliendelea kukunja empanada, halafu akasema, "Mficha uchi hazai, Yanina." Akaweka trei kwenye jiko.

Asubuhi yake kulikuwa na kikao cha Baraza. Ajenda ilikuwa kanuni zetu za akili mnemba, kupigiwa kura. Niliomba neno kabla. Nikasema nahitaji barua ya Kitivo, yenye muhuri, kwenda gereza moja la kusini. Mkuu wa Kitivo akavua miwani. Nikasema, na nakuandikia kama nilivyosema: Kanuni hizi zinamtaka mwanafunzi atangaze nani amemsaidia, na mimi niliyeziandika sijatangaza. Aliyenasa kosa la mtambo, ambalo mimi mwalimu nililipigia vyema, anaitwa Rubén Soraire. Hayuko Uhispania. Hajawahi kuwa Uhispania. Aliendesha gari katika wizi wa ghala, mlinzi alijeruhiwa, na anatumikia kifungo. Utaratibu wa kukaa na swali wiki nzima si wangu, ni wake. Yeye ni kaka yangu.

Nilidhani sakafu itafunguka. Haikufunguka.

Profesa Etchart ndiye aliyesema wa kwanza. "Yaani tuweke muhuri wa Kitivo kwa ajili ya mfungwa?"

Milagros hakungoja kupewa neno. "Profesa, tulikuwa mia tatu, na walimu wetu juu. Mfungwa ndiye peke yake aliyesoma mpaka mwisho."

Etchart akakunja uso. Akaomba aone hizo hesabu. Nilikuwa na barua zako za Aprili na Agosti, nikampa kurasa zile. Alisoma kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Aligawa kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Na hii ya milioni tisa?"

"Hiyo kichwani. Hakuwa na karatasi."

Mzee yule, kaka, ambaye nimemwogopa tangu nikiwa mwanafunzi wake, alizikunja kurasa taratibu akazirudisha mikononi mwangu kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha mtoto mchanga. Akasema, "Mimi nataka mtambo upigwe marufuku, na bado nataka. Lakini mtu huyu apewe mtihani wake." Unajua katika Baraza letu wanafunzi wana kura. Mikono yao ilikuwa juu kabla kura haijaitishwa. Wa Etchart ulifuata.

Barua imeondoka, ina muhuri wa Kitivo na saini yangu. Pale walipotaka nieleze ninakujuaje, nimeandika: ni dada yake wa damu.

Mtihani ni wa hadhara, sheria inasema mtu yeyote anaweza kuhudhuria. Nimekata tiketi.

Yanina

*

Bweni la Nne, 29 Septemba

Yanina,

Najua umefika salama, Mama kaniambia. Empanada zake zilifika nusu, nyingine ziligeuka ushuru wa mlangoni. Tucho amekula tatu akasema sasa anaelewa kwa nini mtu anaweza kuwa mkali.

Tuliongea kidogo siku ile, na kulikuwa na askari, na wewe ulikuwa unalia na kunikemea kwa wakati mmoja. Kwa hiyo naandika. Ulikuwepo, ndiyo, lakini kuna mambo ambayo mtu aliyekaa nyuma hayaoni.

Hukuona mkono wangu nilipochota kijipira chenye namba ya mada kwenye kile kikapu cha kuzungusha. Ilipotoka mfuatano na ukomo, ile mada niliyoiogopa kuliko zote, nilitaka kurudi bwenini. Nilianza vizuri, ukaona. Katikati nikakwama. Ubao ukawa mweupe kabisa mbele yangu. Yule mama mwenyekiti wa jopo akaniuliza, "Tuendelee na swali jingine?" Nikamwambia, "Hapana, sijui bado, naomba mningoje." Na wakaningoja! Wasomi watatu, kalamu chini, wananingoja mimi nifikiri. Mtambo hauwezi kufanya hivyo, dada, wenyewe hauna subira kwa kuwa hauna haraka. Nikarudi mstari mmoja nyuma, nikaona nilipoteleza, nikafuta, nikamaliza.

Alama saba kwa kumi. Mwalimu Ibarguren anasema humu hajawahi kuitoa.

Lakini si hilo. Ni lile swali la mwisho, walipofunga makabrasha. Mwenyekiti akasema sasa vyuo vingi vinataka tamko, na yeye ameusikia utaratibu wa Tucumán, basi nitangaze: nani alinisaidia? Nikasema niliutumia mtambo, kwa posta, na nikasema ulipokosea. Nikamtaja Ibarguren. Nikamtaja Tucho Benavídez, aliyenipikia na kunigawia. Nikasema, na dada yangu.

"Dada yako ni nani?"

Nilikuwa nimeshatayarisha jibu. Nilikuwa niseme, ni mwalimu fulani wa kaskazini, basi. Nilitaka kukuachia mlango wazi, uweze kutoka na watu wengine kama mgeni, upande basi lako. Nilijua umesaini barua. Lakini karatasi ni karatasi, na pale walikuwa watu, na askari, na wanafunzi wa nje waliokuja kutazama.

Sikuwahi kufungua kinywa. Nyuma ya chumba kiti kilikwaruza sakafu. Ukasema jina lako lote, Yanina Soraire, ukasema unafundisha wapi, kwa sauti ya juu mno kwa chumba kile, sauti ya Mama akimwita mtu wa malimau. Ukasema, "Ni mimi, na huyu ni kaka yangu." Shati lako lilikuwa limekunjamana kwa siku mbili za basi. Ulikuwa umesahau kuvua skafu.

Mimi nimesimamishwa mara nyingi, dada. Mahakamani simama, kwenye hesabu simama, kwenye upekuzi simama, uso ukutani. Siku ile mtu mwingine alisimama, kwa ajili yangu, bila kuamriwa na yeyote.

Kaka yako,
Rubén